Mkunde wa Nyuma ya Bani

Jumanne ya pili ya mwezi wa nane, saa tatu asubuhi, Veneranda aliweka kidole gumba juu ya kioo cha mashine kwa mara ya nne mwaka huo, na mashine ikamjibu kama ilivyomjibu mara tatu zilizopita. Ilitoa mlio mfupi, ikawasha taa nyekundu. Karani wa kuandikisha watu, kijana aliyeitwa Kasimiri, alikuwa amekaa nyuma ya meza chini ya turubai, nje ya ofisi ya kata huko Ulyankulu. Alifuta kioo kwa kitambaa cha miwani, akakishika kile kidole na kukibonyeza yeye mwenyewe. Akajaribu kingine, na kingine, mpaka vikaisha vyote kumi.

"Mama, vidole vyako havina kitu," alisema.

"Ndivyo nilivyonavyo," alisema Veneranda.

Vilikuwa laini kama ndani ya ganda la yai. Alikuwa na miaka hamsini na mbili, na thelathini na minne kati ya hiyo aliimalizia kwenye tumbaku: kuvunja majani, kuyafunga kwenye fito, kuyapandisha ndani ya bani la kukaushia, kuyashusha, kuyapanga kwa madaraja. Utomvu wa jani bichi ulishika vidole kama lami, na haukutoka mpaka asugue kwa majivu na mchanga. Kila jioni alisugua nyuma ya bani, na kila jioni mistari ya vidole ilitoka kidogo pamoja na utomvu. Mumewe, Reveriani, alikufa mwaka juzi akiwa na vidole vya namna hiyo hiyo, lakini yeye aliwahi kuandikwa zamani, wakati watu walipoandikwa kwa wino kwenye daftari.

Sasa mashamba yote yalikuwa yanaandikwa upya. Shamba ambalo mwenyewe hana namba ya utambulisho mpaka mvua za kwanza lingepewa mtu mwenye namba. Kasimiri hakulisema hilo kwa ubaya. Lilikuwa kwenye tangazo lililobandikwa mlangoni, naye alilisoma kwa sauti kila alipoombwa.

"Pumzisha mikono wiki mbili," alimshauri. "Usishike jembe, usishike majivu. Pakaa mafuta. Kuna watu ngozi huwa inarudi."

Veneranda akapumzisha mikono. Binti yake, Stela, aliyekuwa na miaka ishirini, alipika, akachota maji, akapalilia mihogo. Mama mtu alikaa nyuma ya bani juu ya mkeka, mikono imepakwa mawese na kulazwa mapajani kama vitu vya kuazima. Hakuwa amewahi kukaa hivyo tangu utoto. Siku ya tatu alichoka kuiangalia mikono, akaanza kuangalia ardhi, na hapo ndipo alipouona mche.

Ulikuwa umeota mahali pale pale alipozoea kusugulia mikono. Mbegu yake ilijulikana ilikotoka. Mama yake Veneranda alikimbia Burundi mwaka sabini na mbili akiwa na fundo la mbegu kwenye pindo la nguo, na mwaka mmoja baadaye akamzaa Veneranda hapo hapo Ulyankulu. Maharage na mtama vilipandwa. Zikabaki mbegu chache nyeusi ambazo hakuna aliyezikumbuka jina. Bibi huyo alipofariki, fundo lilifunguliwa na zile mbegu zikatupwa nyuma ya bani. Zilikaa ardhini miaka tisa bila kuota.

Mche ulitoa majani matatu matatu kwenye kikonyo kimoja. Ukashika ukuta wa bani ukapanda. Siku ya kumi na moja ulikuwa umepita urefu wa mlango. Siku ya kumi na nne, saa moja asubuhi, ulichanua maua mawili ya rangi ya wino wa shule, na Stela aliyekuwa anapita na ndoo akasimama.

"Mama, mdudu gani anakula hivi?"

Veneranda akasogea. Petali hazikuwa zimeliwa. Zilikuwa na mistari myembamba iliyozunguka katikati, mmoja ndani ya mwingine, mpaka ikafika kwenye kitone. Kila ua lilikuwa na petali tano, na kila petali ilikuwa na mistari yake. Kwenye petali kubwa ya ua la kulia palikuwa na mkato uliopita upande upande.

Mkato huo Stela aliufahamu kwa kusimuliwa. Mwaka aliozaliwa, mama yake alijikata gumba kwa mundu. Kovu lilikuwa limefutika kidoleni siku nyingi. Kwenye ua lilikuwapo.

"Ni gumba lako," alisema Stela.

"La kulia," alisema Veneranda. Akaingia ndani kunywa chai, maana ilikuwa inapoa.

Kesho yake walichuma ua moja, wakalifunga kwenye jani la mgomba, wakampelekea Kasimiri. Baada ya salamu, Kasimiri aliiweka petali kubwa juu ya kioo. Mashine ikawasha taa ya kijani. Alikuwa hajaiona taa hiyo tangu Ijumaa, akafurahi.

"Imesoma vizuri kuliko hata ya kwangu," alisema. Kisha akafungua kitabu cha mwongozo, akasoma, na furaha ikapungua. "Tatizo ni hapa. Kidole lazima kiwe kimeungana na mwombaji. Hiki kimekatwa. Mkiniletea kidole kilichokatwa, natakiwa kutoa taarifa polisi."

"Usitoe," alisema Veneranda. "Tutakileta kikiwa kizima."

Alhamisi waliuchimba mmea wote. Stela alizunguka mbali na shina, akaingiza jembe taratibu, akaunyanyua na bonge lake la udongo. Kwenye mizizi palikuwa na vinundu vidogo vyekundu kama shanga. Waliuweka ndani ya ndoo ya lita ishirini, wakausimamishia fito, na ndoo wakaifunga nyuma ya baiskeli. Kila asubuhi ulichanua maua mawili mapya, si zaidi, si pungufu, na saa sita mchana yakafumba. Kwa hiyo walitembea upesi.

Kasimiri alifanya kazi yake kwa uangalifu. Ua la kulia lilikuwa mkono wa kulia, la kushoto mkono wa kushoto. Petali kubwa iliyosimama ilikuwa gumba. Mbili za pembeni zilikuwa kidole cha shahada na cha kati. Mbili za chini zilikuwa zimeshikamana, akazitenganisha kwa ncha ya kalamu huku akisema, "Pole, pole," na Veneranda akajikuta amekunja vidole vyake viwili vya mwisho. Mashine ikawaka kijani mara kumi. Watu waliokuwa kwenye foleni walilalamika kidogo kwamba mmea unachukua muda mrefu.

Ikafika zamu ya picha. Kasimiri alimwelekezea Veneranda kamera. Mashine ikakataa, ikaeleza kwa maandishi kwamba uso haulingani na vidole. Akajaribu tena, ikakataa tena. Akageuza kamera kwenye ndoo. Ikapiga picha hapo hapo.

"Basi jaza jina," alisema Veneranda.

"La nani?"

"Langu."

Kasimiri aliweka kalamu mezani. Alikuwa mtu mwaminifu, na shida nyingi za watu wa kata ile zilitokana na hilo. "Mama, mashine inasema mwombaji ni huyu wa kwenye ndoo. Mimi simjui ni nani. Siwezi kuandika mharage, huenda si mharage, nikawa nimeghushi. Nileteeni barua ya mtaalamu inayomtambulisha. Tabora yupo mzee mmoja, anakaa mtaa wa Chemchem, anaitwa Abdulatifu. Hakuna mmea asioujua."

Alikuwa amekwisha kusema *huyu*. Mwanzoni alikuwa akisema *hiki*. Stela aliligundua hilo wakati wanarudi, lakini hakulisema.

Jumatatu yake, Veneranda na Stela walipanda gari la abiria hadi Kaliua, na Kaliua wakangoja treni inayotoka Kigoma. Mkaguzi wa tiketi aliitazama ndoo, akauliza kama ni mzigo au ni abiria. Veneranda akasema hilo ndilo wanalokwenda kuulizia. Mkaguzi akaona ni jibu la kutosha, akawaambia waiweke karibu na dirisha. Walilala Tabora kwa muumini mwenzao wa parokia, na asubuhi na mapema wakachukua bajaji mpaka Chemchem.

Mzee Abdulatifu alikuwa amefanya kazi ya mbegu miaka arobaini kabla ya kustaafu. Ukoo wake ulikuwa Tabora tangu enzi za misafara, na sebule yake ilikuwa imejaa chupa za mbegu hata wageni wakawa wanakaa barazani. Walimwamkia, akaitikia marahaba, akawapa kahawa, akasikiliza kilichowaleta, kisha akavuta kigoda karibu na ndoo na kutoa lenzi mfukoni. Alichungulia ua muda mrefu.

"Petali moja ya bango," alisema. "Mbili za mabawa. Chini hapa mbili zimeungana kama mtumbwi. Stameni kumi: tisa zimeshikana, moja imejitenga. Tumba la mbegu likikomaa litapasuka pande mbili. Mama, huyu ni wa jamii ya kunde, hilo halina ubishi."

"Na hii mistari?"

"Mistari si ya jamii ya kunde. Mistari ni yako." Akashuka kwenye shina, akageuza jani la chini kabisa lililokuwa limeanza kukauka. Nalo lilikuwa na alama, lakini pana, zenye mabaka. Alizitazama mpaka kahawa yake ikapoa. "Hizi si za vidole. Hizi ni za mabega. Shamba lenu liko kwenye njia ya zamani ya kwenda Ujiji?"

"Watu wanasema inapita kwenye mihogo," alisema Stela.

"Wapagazi. Walikuwa wakitua pembe za ndovu hapo, wanajikuna mabega kwenye udongo. Mmea umeziokota alama zao." Akalirudisha jani taratibu. "Hao nao hawakuandikwa popote."

Kisha akaomba karatasi. Alieleza kwamba kila mmea una majina mawili, moja la jenasi, yaani la ukoo, na moja la mmea wenyewe. La kwanza alilipata kitabuni. La pili hakulipata, ingawa alipekua vitabu vitatu na kumpigia simu rafiki yake Morogoro.

"Hajawahi kuandikwa," alisema. "Mmea ambao haujaandikwa tunaupa jina la aliyeuleta. Ni heshima tu, mama. Wewe unaitwa nani?"

"Veneranda."

Akaandika. Kwenye mstari wa asili akasimamisha kalamu. "Mbegu ilitoka wapi?"

"Burundi, na mama yangu."

"Na kabla ya mama yako ilitoka huku, ikapelekwa huko na misafara. Nimewahi kuiona kwenye picha za zamani, pembeni ya njia. Imerudi kwao." Akaandika: *mwenyeji wa eneo hili tangu kale.*

Veneranda alikisoma kile kilichoandikwa mara mbili. "Na mimi, mzee?" aliuliza. "Mimi nimezaliwa hapo hapo."

Mzee Abdulatifu alivua miwani.

"Mimi ni mtu wa mimea, mama," alisema. Akamwongezea kahawa. Kabla hawajaondoka aliwapa maelekezo ya kuutunza: wasimwagilie sana, wasiuwekee mbolea kwa sababu hujitengenezea chakula kwenye vile vinundu, na mbegu zake zikikomaa wazikwaruze kwenye jiwe na kuziloweka usiku kucha, kwa kuwa ganda ni gumu na bila kukwaruzwa zinaweza kungoja miaka mingine tisa.

Barua ilikuwa nzuri. Ilikuwa na muhuri wa zamani ambao mzee aliruhusiwa kubaki nao. Kasimiri aliisoma yote, akaridhika, akajaza fomu. Jina: Veneranda. Mahali pa kuzaliwa: Ulyankulu. Asili: mwenyeji. Kitambulisho kilifika wiki ya tatu ya mwezi wa kumi, kikiwa na picha ya mmea, umenyooka, maua mawili yamefumbuka kama mtu aliyeambiwa asipepese.

Veneranda alinyoosha mkono kukipokea. Kasimiri akasita.

"Kitambulisho hukabidhiwa mwenyewe," alisema.

Akapanda baiskeli mpaka nyumbani kwao. Mmea ulikuwa umerudishwa nyuma ya bani na umeshika tena. Akatoboa tundu kwenye mfuko wa plastiki wa kitambulisho, akakitungia uzi, akaufungia mmea kwenye shina. Veneranda alimkaribisha viazi vitamu. Akala, akashukuru, akaaga.

Wiki hiyo Veneranda alikwenda kuandikishwa kwa mara ya tano. Kulikuwa na vidole viwili ambavyo kweli vilikuwa vimeanza kurudisha mistari, kwa sababu ya mawese. Mashine ilivisoma, ikawaka rangi ya njano ambayo Kasimiri hakuwahi kuiona, naye akafungua kitabu.

"Mama, inaonyesha umekwisha andikishwa."

"Si mimi."

"Ndiyo," alisema Kasimiri kwa huruma. "Si wewe. Lakini alama ni zile zile, na jina ni lile lile. Mtu hawezi kuandikishwa mara mbili. Ningekuwa wewe nisingeng'ang'ania sana, wanaweza kusema unajifanya mtu mwingine."

Mvua zikaanza. Shamba la ekari tatu likaandikwa kwa jina la Veneranda, na kila mtu kijijini akampongeza Veneranda kwa hilo, kisha wakakumbuka, wakaenda nyuma ya bani. Kamati ya mashamba haikuwa katili. Ilimpa yule mama karatasi iliyosema anaruhusiwa kulima hapo kama kibarua, kwa ridhaa ya mmiliki, na ridhaa hiyo itolewe upya kila msimu kwa kubonyeza petali kwenye wino. Mmiliki akikosa kutoa maua, ridhaa haipo. Mmiliki akifa, shamba ni la warithi wake, nao watahesabiwa tumba likipasuka.

Usiku ule Veneranda alikasirika kwa mara ya kwanza. Hakupiga kelele. Alitoka na kibatari akasimama mbele ya mmea.

"Kama wewe ndiye mimi," aliuambia kwa Kirundi, "kesho amka ukachote maji."

Asubuhi aliamka yeye akachota. Alimimina kidogo kwenye shina, kiasi kile alichoelekezwa na mzee Abdulatifu, kwa sababu mvua ilikuwa imekatika, jua lilikuwa kali, na mmea ukikauka wangefukuzwa wote.

Mwezi wa kwanza, Stela alipata nafasi ya kusomea uuguzi Tabora. Chuo kilitaka namba yake, na namba yake ilitaka namba ya mzazi aliye hai. Fomu ilikaa mezani siku nne. Ilikuwa na mstari ulioandikwa *Mama*, na nafasi ya kubandika nakala ya kitambulisho chake.

"Sijazi," alisema Stela siku ya nne. "Nitaandikaje kwamba nimezaliwa na mkunde?"

"Una majani?"

"Mama."

"Nimekuuliza, una majani?"

"Sina."

"Basi jaza. Anayejua nani alikuzaa ni mimi na yule mkunga, na yule mkunga amekufa." Veneranda alikuwa anamenya mihogo na hakuinua macho. "Jaza kwa mwandiko mzuri. Nenda kasome."

Stela akaenda nyuma ya bani kunakili namba. Alikaa huko muda mrefu kuliko namba inavyohitaji. Aliporudi, macho yalikuwa mekundu, na fomu ilikuwa imejazwa kwa mwandiko mzuri. Namba yake ilitoka ndani ya siku kumi. Alipanda treni Kaliua na sanduku lake, na mama yake akabaki peke yake na mwenye shamba.

Aliutunza vizuri kuliko alivyowahi kutunza tumbaku. Matumba yalipopasuka alipata mbegu kumi na saba, akazikwaruza kwenye jiwe, akaziloweka, akazipanda kwa zamu, kila baada ya wiki tatu, ili isije ikapita siku hata moja bila ua ukutani. Kitambulisho alikihamisha kutoka shina linalokufa hadi shina linalokua. Watu wa kamati waliliona hilo, wakashauriana, wakakubaliana kwamba bado ni yule yule.

Mwezi wa saba walikuja kuhakiki wamiliki, kuona kama wako hai na wanaishi kwenye mashamba yao. Walikuwa watatu, na Kasimiri alikuwa ameshika orodha. Veneranda alikuwa amefagia uwanja tangu alfajiri. Akawaleta nyuma ya bani, akasimama pembeni na mikono nyuma.

"Veneranda," aliita Kasimiri.

"Naam," alisema Veneranda.

"Samahani, mama. Siyo wewe." Akaita tena, kwa sauti ya juu kidogo, akielekea ukutani. "Veneranda!"

Wote wakayatazama maua. Hapakuwa na upepo. Mmoja wa wale watu aliangalia saa. Veneranda alifumba mdomo kwa nguvu mpaka taya zikamuuma, maana tangu azaliwe hakuwahi kuitwa akakaa kimya. Kisha, bila upepo wowote, ua la kulia likainama mara moja na kuinuka.

"Yupo," alisema Kasimiri, akaweka tiki. Aliandika tarehe, akaandika hali ya mmiliki: nzuri. Alikuwa amepiga hatua mbili kuondoka alipogeuka na kumtazama yule mama kwa upole, kama mtu anayekumbusha jambo dogo.

"Mama, tafadhali sogea kidogo. Unamzibia jua."

Veneranda akasogea.